Mlango wa Sukari Nilioupa Jina Lisilo Lake

Siku mliyoniaga, mkuu wa idara alisimama akasema kwamba Mama Georgine amefanya kazi miaka yote hii "na teknolojia ya kisasa". Niliinamisha kichwa ili watu wasinione nikicheka. Teknolojia ya kwanza niliyopewa katika maabara yetu ilikuwa penseli sita za rangi, rula moja na kioo cha dirisha. Wengi wenu mliajiriwa baada ya dirisha hilo kuvunjika na kuzibwa kwa bati, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya biolojia nikitegemea kufundisha sekondari. Kisha nikasikia kwamba Profesa Lofanga, aliyekuwa akifundisha mambo ya vijidudu pale chuoni, anatafuta msaidizi wa maabara mwenye mkono mtulivu. Asubuhi ya kwanza nilipanda toleka kutoka nyumbani kwetu mtaa wa Tshopo, hapa Kisangani, nimekaa upande kwenye karia ya baiskeli, nimevaa sketi nyeupe niliyoishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Mwenye toleka aliendesha kama mtu anayefukuzwa. Nilifika nikiwa na vumbi jekundu hadi magotini. Profesa alinitazama kutoka chini hadi juu.

"Bon," alisema. "Sasa hauna tena nguo ya kuogopa kuchafua. Ingia."

Nilitegemea kuoneshwa darubini. Badala yake alinipa karatasi mbili zilizojaa herufi tupu, mstari kwa mstari, bila neno hata moja linalosomeka. Nilidhani mashine ya kuandikia imeharibika.

Akanieleza, na maelezo yake bado sijapata mengine yaliyo bora. Bakteria ni kiumbe kidogo kilichofungwa ndani ya utando. Sukari iko nje, na yeye ana njaa ndani. Sukari haiwezi kupita utando ule peke yake, kwa hiyo bakteria ana milango, na kila mlango ni protini inayokubali sukari fulani na kukataa nyingine. Protini yenyewe ni mnyororo wa vipande vya aina ishirini, na kila aina tumeipa herufi yake. Zile karatasi mbili zilikuwa milango miwili. Wa kwanza wanasayansi waliujua vizuri: unapitisha laktozi, sukari ya maziwa. Wa pili hakuna aliyejua unapitisha nini. Kama herufi zao zinafanana, labda milango hiyo ni ndugu, na labda inafanya kazi moja.

"Labda," alisema Profesa, na akarudia, "labda."

Kazi yangu ilikuwa kukata karatasi ya kwanza katika vipande virefu, kubandika mwisho wa kimoja na mwanzo wa kingine, kisha kufanya vilevile na ya pili. Halafu unaweka utepe mmoja juu ya mwingine dirishani ili mwanga upenye, unausogeza polepole, herufi kwa herufi, ukitafuta mahali zinapokubaliana. Herufi zenye asili ya mafuta unazipaka njano. Zenye chaji, nyekundu na buluu. Mlango mmoja una herufi mia nne na kitu. Jozi ya kwanza ilinichukua wiki tatu na shingo ikakakamaa hadi mama yangu akanikanda kwa maji moto. Leo kompyuta inafanya hivyo kabla hujavuta kiti ukakaa. Sisemi kwamba zamani kulikuwa kuzuri zaidi. Shingo yangu inakataa kabisa kusema hivyo.

Nilipomaliza, nilimletea Profesa hesabu yangu: herufi ngapi zinafanana, ngapi hazifanani. Nilikuwa nimeipigia mstari mara mbili. Hakuitazama hesabu. Alichukua tepe zenyewe.

"Usihesabu tu zenye zinafanana, Georgine. Uliza zinafanana wapi. Nyumba mbili zinaweza kuwa na ukuta sawasawa, bati sawasawa, lakini kufuli haiko moja."

Akanionesha kwa ncha ya penseli herufi chache zilizotawanyika katika ule mlango wa laktozi, ambazo ndizo zinazoishika sukari inapopita. Mlango mgeni ulikuwa nazo zote. Hizo herufi chache, alisema, zina uzito kuliko mia nyingine zote za ukutani. Nilizipaka rangi ya zambarau, na tangu siku hiyo zambarau ilikuwa rangi ya kufuli katika maabara yetu. Mmekuwa mkiitumia bila kujua ilikotoka.

Miaka ilipita hivyo, mingine mizuri, mingine ya njaa. Vita vilipopita mjini, watu walivunja mlango wa maabara wakabeba friji, redio, hata mapazia. Mafaili yetu ya herufi waliyamwaga sakafuni wakayaacha. Nadhani walisoma ukurasa mmoja wakatuonea huruma. Profesa na mimi tulipiga magoti siku nne tukapanga karatasi upya, naye akaniambia kwamba hiyo ndiyo faida ya kufanya kazi ambayo haieleweki na mtu.

Halafu kompyuta ikaja. Intaneti chuoni haikuwepo, kwa hiyo nilikuwa nabeba disketi kwenye pochi hadi Makiso, katikati ya mji, kwenye duka la intaneti karibu na benki. Unabandika herufi zako katika ukurasa wa programu, unatuma, unasubiri. Mara nyingi umeme ulikatika kabla jibu halijafika, na mwenye duka hakurudisha pesa. Lakini jibu likifika, ilikuwa ajabu: programu imelinganisha mlango wako na milango yote iliyoandikishwa duniani, na imekupangia ndugu zake kutoka wa karibu hadi wa mbali. Nilijiona nimeota mabawa.

Ni katika siku hizo za mabawa ndipo nilipokosea.

Tulikuwa tumepata mlango mmoja kutoka kwa bakteria wa maji ya kuroweka mihogo. Herufi zake zilisomwa ng'ambo na rafiki wa Profesa, zikarudi kwetu tulinganishe, tuupe jina, na kuuandikisha katika hazina ya data ambayo dunia nzima inaisoma. Profesa alikuwa anajitayarisha kwenda Isangi kwenye matanga ya kaka yake. Mimi nilikwenda Makiso, nikatuma, nikasubiri, na safari hii umeme ukaniheshimu. Ndugu wa kwanza kwenye orodha: mlango wa laktozi. Nikarudi mbio.

Nilimkuta Profesa amekwisha funga begi, mtumbwi wa mota unamsubiri.

"Ni laktozi," nilimwambia.

"Umeangalia kufuli?"

"Ndiyo, Prof."

Sikuwa nimeangalia. Nilikuwa nimeangalia jina la kwanza kwenye orodha, basi. Nilijiambia nitapaka zambarau kesho. Kesho yake nikaandikisha mlango kwa jina la laktozi, na zambarau sikuipaka. Hakuna aliyeniuliza tena, na baada ya mwezi nilikuwa nimesahau.

Sasa niruke miaka mingi, nifike kwa Clarisse, ambaye nyote mnamjua leo kama mwalimu. Wakati huo alikuwa mwanafunzi anayemalizia kazi yake ya shahada, msichana mrefu mwenye sauti ya kanisani, ambaye aliandika kila kitu kwa kalamu ya kijani. Profesa Lofanga alikuwa amekwisha staafu, na mimi nilibakiwa na miezi michache. Clarisse alikuwa amechukua bakteria kutoka chungu cha mihogo cha jirani yake huko Tshopo, Mama Véro, muuza chikwangue, ile mikate ya mihogo inayofungwa majanini. Herufi za jeni zake zote zilisomwa, na ndani yake Clarisse akapata mlango wa sukari ambao programu, bila kusita, iliuita mlango wa laktozi. Siyo kwa ndugu mmoja. Orodha nzima ya ndugu, kutoka nchi mbalimbali, wote laktozi.

Na hapo ndipo palipokuwa na utamu. Bakteria anayeishi kwenye maji ya mihogo, mahali ambapo maziwa hayajawahi kumwagika, anatafuta nini na mlango wa sukari ya maziwa? Clarisse aliandika sura nzima kujaribu kujibu. Ilikuwa na ng'ombe ndani yake, na mbuzi, na safari za watu wa zamani. Ilikuwa sura nzuri. Mwalimu aliyemsimamia aliipenda, jopo lilikwisha chaguliwa, na siku ya kutetea ilikuwa imebaki wiki mbili.

Aliniomba nimchoree ulinganisho mkubwa wa kubandika ukutani siku hiyo, kwa sababu mkono wangu ni mtulivu. Nilichapa herufi, nikachukua penseli, nikaanza kupaka kama nilivyozoea. Njano ilienda vizuri. Nyekundu na buluu pia. Nilipofika kwenye zambarau, penseli ilikosa pa kukaa. Katika ule mlango wa laktozi unaojulikana, herufi za kufuli zilikuwa mahali pake. Katika mlango wa Clarisse, baadhi zilikuwepo na baadhi zilikuwa nyingine kabisa.

Nikafungua wale ndugu mmojammoja kuona nani aliwaita laktozi na kwa ushahidi gani. Wa kwanza aliitwa hivyo kwa sababu anafanana na wa pili. Wa pili kwa sababu anafanana na wa tatu. Hakuna aliyekuwa amempa bakteria wake laktozi akaona kama anaila. Kila mmoja alikuwa amenakili jina kwa jirani. Nilifuata jina hilo nyuma, kutoka kwa mmoja hadi mwingine, kama mtu anayetafuta nani alianzisha uvumi mtaani. Wa mwisho, ambaye wote walikunywa kwake, alitoka kwenye maji ya mihogo, Kisangani. Tarehe ya matanga ya Isangi. Na mwandikishaji alikuwa mimi.

Nilirudisha penseli zote kwenye boksi lake, moja baada ya nyingine. Ni kitu cha kipuuzi lakini ndicho nilichofanya.

Nitawaambia ukweli: kwa siku mbili nilifikiria kunyamaza. Clarisse angetetea sura yake ya ng'ombe, jopo lingepiga makofi, mimi ningestaafu, na laktozi ingeendelea na safari zake. Siku ya tatu nilienda kwa Profesa Lofanga. Alikuwa anaishi Makiso kwa binti yake, macho yamepungua, masikio bado makali. Nilimweleza yote, hata lile "ndiyo" langu. Alisikiliza akimenya karanga.

"Ile siku ulijibu haraka sana," alisema.

"Kumbe ulijua?"

"Nilikuwa na mashaka. Lakini mutumbwi ilikuwa inaningojea, na kaka yangu alikuwa amekufa. Nikasema, nitauliza nikirudi. Nikarudi, nikasahau." Akatupa maganda. "Donc tuko babili, mimi na wewe, kwa hii kosa. Mutoto anatetea lini?"

"Si wiki ijayo, ile inayofuata."

"Na bado uko hapa unakula karanga zangu?"

Nilimkuta Clarisse kwenye ngazi za maabara, anasahihisha kwa kalamu yake ya kijani. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu niliogopa kwamba nikikaa nitaanza kuzungukazunguka. Alinisikiliza hadi mwisho. Sijawahi kuona uso ukibadilika hivyo.

"Mama Georgine, siku kumi na mbili kabla ya jury! Kazi ya miaka mitatu!"

"Najua, mwanangu."

"Na ile sura yangu yote?"

"Ile sura iko nzuri. Lakini haiko ya kweli."

Aliondoka bila kuniaga. Nilirudi ndani nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Baada ya saa moja hivi nikasikia mlango. Alikuwa amelia, na alikuwa amebeba daftari jipya.

"Bon," alisema. "Kama haifungue laktozi, inafungua nini?"

Hapo nikajua kwamba atakuwa mwanasayansi mzuri kuliko mimi.

Tulianza na majirani. Jeni za bakteria zinazofanya kazi pamoja mara nyingi hukaa pamoja, kama wauza samaki sokoni. Karibu na mlango wa laktozi wa kweli, kwa kawaida unakuta jeni ya kimeng'enya kinachokata laktozi. Tulisoma kilichokuwa kando ya mlango wa Clarisse. Laktozi hapakuwa na habari yake. Palikuwa na kimeng'enya kinachokata sukrozi. Clarisse akalinganisha upya herufi za kufuli, safari hii na milango ya sukrozi iliyopimwa kweli maabarani. Zambarau zikakaa mahali pake, zote.

"Sukrozi," alisema. "Mama, hii si sukari ya chai?"

Ndiyo hiyo. Sukari ya chai, ambayo hata muhogo wenyewe unayo kidogo ndani yake. Bakteria wa chungu cha Mama Véro alikuwa anakula kilichokuwemo chunguni.

Ilibaki kumuuliza bakteria mwenyewe. Chupa yetu ya sukrozi safi ilikuwa tupu, kwa hiyo nilinunua sukari dukani ng'ambo ya barabara. Nawakumbusha: sukari hupitishwa kwenye kichujio na haipikwi pamoja na vingine, kwa maana moto mkali unaivunja na utakuwa unapima kitu kingine. Vilivyobaki tulivipika kwenye ile sufuria ya presha yenye mpini uliofungwa waya, ambayo naomba msiitupe. Tulitayarisha neli ndogo za kioo zenye rangi nyekundu inayogeuka njano bakteria akila sukari na kutoa asidi. Seti moja ilikuwa na laktozi, nyingine sukari ya chai, nyingine haina sukari. Na katika neli moja ya laktozi tuliweka bakteria mwingine tunayejua anaipenda, ili mtu asije akasema laktozi yetu imeoza. Umeme ulikatika saa sita mchana. Hatukujali. Kwa joto la Kisangani, kabati lolote ni mashine ya kuoteshea.

Asubuhi Clarisse alifika kabla yangu. Nilisikia kelele nikiwa bado uani, nikadhani kuna nyoka.

Neli za sukari ya chai zilikuwa njano kama ndizi mbivu. Zisizo na sukari, nyekundu. Za laktozi, nyekundu, isipokuwa ile ya yule mwingine anayeipenda. Tulizishika dirishani, upande usio na bati, tukazitazama kama watu wanaotazama picha za harusi.

Kisha nikamwambia asiandike zaidi ya alichokiona. Neli imetuonesha kwamba sukari imeliwa. Haijatuonesha imepita mlango upi. Ili kuapa, ingebidi kuuziba mlango ule na kuona kama bakteria anabaki na njaa, na vifaa vya kazi hiyo hatuna. Aliandika "huenda ni mlango wa sukrozi". Ng'ombe na mbuzi aliwatoa wote kwa mstari mmoja wa kijani. Mbuzi nusura niwatetee.

Siku ya kutetea, ukumbi ulijaa. Mama Véro alikuja na kikapu cha chikwangue, akakaa mstari wa mbele kama mwenye mali. Clarisse alizungumza vizuri. Halafu mjumbe mmoja wa jopo, mtu mkali mwenye miwani ya dhahabu, akauliza: "Mademoiselle, unatuambia milango yote hii imepewa jina la uongo kwa sababu ya kosa moja la kwanza. Ni nani alifanya hilo kosa?"

Clarisse hakunitazama. Aliyatazama makaratasi yake, na nikaona kwamba alikuwa tayari kusema hajui.

Wasikilizaji hawaruhusiwi kusema siku hiyo. Nilisimama.

"Ni mimi, Profesa. Mbele yako hapa. Niliambiwa niangalie kufuli, nikasema nimeangalia."

Mwenye miwani akafungua kalamu.

"Alors, Mama," alisema, "tangu nianze kukaa kwenye jury, ni mara ya kwanza swali langu linajibiwa." Watu wakacheka, na Mama Véro, ambaye nadhani hakufuata hata nusu, alicheka kuliko wote. Clarisse alifaulu vizuri, na chikwangue ikaliwa yote.

Ilibaki kusafisha nilipochafua. Mlango niliouandikisha mimi niliweza kuusahihisha mimi, na hazina ya data ikakubali kwa siku chache. Lakini wale walionakili, kila mmoja na mwandikishaji wake, hawaguswi na mtu mwingine. Kwa hiyo Clarisse na mimi tuliwaandikia barua pepe mmojammoja, tukieleza kufuli, majirani na neli. Wengine hawakujibu. Wengine walishukuru. Mmoja alituambia kwamba kwa muda mrefu amekuwa akimpa bakteria wake laktozi, naye anakataa kula.

Jibu la mwisho lilifika katika juma langu la mwisho kazini. Lilitoka kwa bwana mmoja wa mbali, mwenye adabu lakini mgumu. Alisema amesoma hoja zetu kwa makini, ila hawezi kubadilisha jina. Yeye anafuata chanzo cha kwanza na cha kuaminika, andikisho la zamani kutoka Kisangani, lililofanywa na mtaalamu ambaye bila shaka alikuwa na sababu zake. Akataja jina la mtaalamu huyo kwa heshima kubwa.

Clarisse aliisoma kwa sauti, akashindwa kumaliza kwa kucheka. Nilimsogeza kitini nikaandika jibu mwenyewe, mstari mmoja:

"Bwana mpendwa, huyo mtaalamu ni mimi, na hakuwa na sababu yoyote."

Kesho yake mchana alibadilisha.